Kabla ya Saa Mbili Usiku

Siku Kamshat alipokutana na Sabir, alikuwa akiwakwepa polisi ambao wala hawakuwa na habari naye.

Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa vuli, katika soko kuu la Karaganda, upande wa nyama ya farasi na maziwa, mahali ambapo watu hubanana bega kwa bega na wauzaji huita wateja mpaka sauti zinakauka. Askari wawili wa doria waliingia kwa mlango wa mbele wakaanza kuwaomba watu vitambulisho. Kamshat hakuwa na kosa lolote. Kitambulisho chake kilikuwa mkobani, na mchana ule alikuwa na ruhusa ya kutembea mjini kama raia yeyote. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Miguu yake ilianza kurudi nyuma yenyewe, polepole, macho yakiwa kwenye zile kofia mbili, mpaka mgongo wake ukamkumba mtu na trei zima la mayai likaenda chini.

"Basi," sauti ya mwanamume ikasema, bila hasira. "Yamefika."

Aligeuka. Mbele yake alisimama mtu mrefu, mpana, kofia ya manyoya ya mbweha imesukumwa kisogoni, mikono ya koti ina madoa ya grisi. Alikuwa akitazama ute wa njano ukienea kuzunguka viatu vyake.

"Nisamehe kaka. Nitakununulia mengine."

"Shida si mayai, shida ni mama. Nimwambie nini? Kwamba nimegongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma bila honi?"

Siku nyingine Kamshat angecheka. Lakini macho yake yalikuwa yamepita bega la yule bwana, yakiwatafuta askari. Mwanamume akafuata macho yake, akawaona, akamtazama tena usoni. Kisha akasogea hatua moja, na mgongo wake mpana ukamfunika. Askari wakapita.

"Ulipauka kama unga," akasema walipokwisha potea. "Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu."

"Afadhali. Maana mimi ni mkubwa, lakini mwoga. Naitwa Sabir. Naendesha greda la manispaa. Kiangazi naziba mashimo, kipupwe nasukuma theluji."

"Kamshat," akajibu, na papo hapo akajuta kwa nini hakutaja jina la uongo.

Akanunua mayai mengine hata hivyo, na Sabir akakataa kuyabeba peke yake, kwa hoja kwamba yakivunjika tena apatikane shahidi. Wakatoka pamoja. Kamshat alikuwa amevaa koti la kijivu lililoshonwa upya mabegani na kilemba cha rangi ya haradali, na upepo wa nyika ulipokivuta kilemba kile, Sabir aliona shingo nyembamba na sikio lisilo na hereni, akapoteza alichokuwa akisema.

Sasa, Kamshat huyu alikuwa ametoka gerezani kiangazi kile kile.

Kosa lake lilikuwa hivi. Dada yake, Ainash, aliolewa na mtu wa ngumi. Siku moja Kamshat aliwakuta jikoni, dada yuko sakafuni, mume amemkalia kifuani mikono shingoni. Juu ya meza palikuwa na unga uliokwisha kandwa na ule mti mrefu wa kusukumia. Kamshat aliuchukua akapiga mara moja. Shemeji hakufa, ila hakuwahi tena kutembea bila magongo. Na mahakamani Ainash alisimama, shingo bado ina alama, akasema mume wake alikuwa akimsaidia kuinuka. Kamshat alisikiliza ushahidi ule mpaka mwisho, na tangu siku hiyo kuna kitu ndani yake kilichokataa kuamini kwamba kweli inamfaa mtu.

Walimwachia kabla ya muda kwa tabia njema, lakini kuachiwa huko kulikuwa na kamba ndefu. Asitoke nje ya mji bila kibali. Kila wiki aende Ofisi ya Uangalizi kwa Bi Zauresh, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye ndiye aliyemtafutia kazi katika karakana ya kushona nguo za wachimba makaa. Na kila siku, kabla ya saa mbili usiku, awe ndani ya chumba chake, kwa maana afisa wa polisi wa mtaa, Luteni Kairbek, angeweza kugonga mlango wakati wowote baada ya hapo. Jioni nyingine alikuja, nyingine hakuja. Zile asizokuja ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Kamshat alikaa kitandani na nguo zake, masikio yakiwa getini, mpaka usingizi ukamwangusha.

Kwa hiyo penzi lao lilikuwa penzi la mchana. Walikunywa chai ya maziwa katika mkahawa ulio nyuma ya soko, wakala sambusa za tanuri mpaka vidole vikang'aa mafuta, wakatembea bustanini wakati majani ya mwisho yakianguka. Na jua likianza kuinama, Kamshat alianza kutazama mlango.

"Wewe ni kama benki," Sabir akamwambia siku moja. "Mtu akichelewa kidogo tu, mmefunga."

"Kama una haraka, nenda benki nyingine."

"Hizo nyingine hazina meneja mzuri." Akamshika mkono juu ya meza. "Kamshat jan, roho yangu, niambie kweli. Ukifika usiku unageuka paka?"

"Nageuka mkali. Bibi mwenye nyumba ni mzee, hapendi mlango ufunguliwe usiku."

"Basi nimletee zawadi huyo bibi. Anapenda nini?"

"Anapenda watu wakae kwao."

Alicheka yeye, Kamshat akacheka pia. Alimpenda. Hilo ndilo lililomtisha. Gerezani mtu hana cha kunyang'anywa, hulala fofofo. Sasa alikuwa na cha kunyang'anywa.

Mara moja tu alijisahau. Sabir alimpeleka sinema, picha ikawa ndefu, joto la bega lake likawa zuri, na Kamshat alipokumbuka saa, basi lilikuwa limekwama kwenye taa za barabarani. Alikimbia kutoka kituoni, koti likipepea, akafika getini akihema. Luteni Kairbek alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kola imeinuliwa. Alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Umechelewa," akasema.

"Kidogo tu, afande. Basi lili—"

"Kila mtu ana basi lake, dada. Leo nakuandikia onyo. Hilo ni la kwanza. Likija la pili, faili linarudi kwa hakimu, na hakimu hamjui Kamshat, anajua karatasi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mimi sifurahii," akaongeza, akiinuka na kupangusa suruali. Na pengine ilikuwa kweli, lakini haikumsaidia Kamshat, ambaye usiku ule meno yalimgongana kitandani ilhali chumba kilikuwa na joto.

Wiki iliyofuata Bi Zauresh alimtazama juu ya miwani.

"Kuna mwanamume," akasema. Haikuwa swali.

"Yupo."

"Anajua?"

"Hajui."

"Mwambie. Wa kuogopa aogope mapema, ukiwa bado na nguvu za kuinuka."

"Nitamwambia, mama."

Hakumwambia. Kila alipofungua mdomo aliona uso wa Sabir ukigeuka, kama walivyogeuka majirani wa dada yake walipokutana naye dukani, wakavuta watoto wao karibu.

Theluji ikaanguka, ikakaa. Jioni moja ya Desemba Sabir alipangiwa kusafisha barabara za Maikuduk, mtaa wa zamani wa wachimba migodi, ambako Kamshat alipanga chumba. Alikuwa akimfikisha kwenye kona tu, hakuwahi kuona geti. Sasa, akiwa juu kwenye kibini, kijumba cha dereva wa greda, alipita polepole akichungulia nyumba moja moja, moyo umejaa utani aliotaka kumpigia nao simu. Na akamwona Kamshat. Alikuwa amesimama getini chini ya taa. Mwanamume kijana, koti la kiraia, aliinama akapita chini ya kizingiti akijipangusa theluji viatuni, kama mtu aliyezoea mlango ule.

Sabir alizima taa za greda. Baada ya muda, mtu yule akatoka. Kamshat akamkimbilia mpaka barabarani bila koti, kumpa glavu alizosahau.

Simu ilipolia, Kamshat alikuwa akisuuza vikombe. Bibi Erna, Mjerumani mzee mwenye nyumba, alikuwa na tabia ya kumlazimisha afisa anywe chai, akiamini kwamba mtu aliyekunywa chai yako huona haya kidogo kukufunga.

"Uko wapi, mpenzi?" Sauti ya Sabir ilikuwa laini mno.

"Nyumbani. Na Bibi Erna. Anafuma soksi."

"Na mwingine?"

Kamshat akaweka kikombe chini.

"Nimemwona, Kamshat. Napitisha greda mtaani kwenu. Nimeona anavyoingia, nimeona anavyotoka. Umemfuata na glavu zake bila hata koti. Mimi nikisahau glavu unasema nimezoea baridi."

Akajua kwamba wakati ndio huu. Maneno yalikuwa mepesi: ni polisi, anakuja kunihesabu. Lakini nyuma ya hayo kulikuwa na swali la pili, na la tatu, na mwisho wake ulikuwa jikoni kwa Ainash, na mti wa kusukumia, na mtu anayeburuta miguu. Akilini alimwona Sabir akivuta mkono wake juu ya meza ya mkahawa. Hofu ikasema badala yake.

"Ni mume wangu."

Kwenye simu ilisikika injini ya greda ikinguruma peke yake.

"Mume," Sabir akasema.

"Tulitengana. Amerudi."

"Ungeniambia mapema, Kamshat. Ningeumia kidogo tu."

Akakata. Bibi Erna aliacha kufuma.

"Umemwambia nini mtoto wa watu?"

"Uongo, bibi."

"Mkubwa?"

"Mkubwa. Ila kweli ndiyo kubwa zaidi."

Bibi kizee akaweka soksi mapajani, akasema, "Wajerumani walipohamishiwa huku kwa nguvu, mama yangu alikuwa akienda kusaini kwa kamanda kila mwezi. Kosa lake kuzaliwa Mjerumani. Nilikuwa mdogo, nilimshika sketi kwenye foleni, nikasikia miguu yake inatetemeka ndani ya sketi. Na kila mtu mtaani alijua kwa nini anasaini, wewe. Hakuna aliyemwacha kwa ajili hiyo."

"Wao walikuwa wote foleni moja, bibi. Mimi foleni yangu niko peke yangu."

Sabir hakupiga tena. Kamshat alienda kazini, akarudi, akakaa kitandani akisikiliza geti. Alikonda. Bi Zauresh alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Kisha ikaja ile siku ya burani. Watu wa Karaganda wanaijua dhoruba hiyo: upepo unaotoka nyikani na kubeba theluji pembeni, si kutoka juu, mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe. Ilianza baada ya chakula cha mchana. Alasiri msimamizi wa karakana aliingia akasema mabasi yamesimamishwa, kila mtu alale pale pale juu ya vitambaa, kuna chai na mkate. Wanawake wakafurahi kama watoto. Mmoja akaanza kupanga nani alale na nani.

Kamshat alienda pembeni akampigia Luteni Kairbek. Simu haikupita. Akapiga tena. Akampigia Bi Zauresh, haikupita. Laini zote za mji zilikuwa zimezidiwa. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado mapema, lakini Maikuduk ilikuwa mbali, upande mwingine wa mji.

Akavaa koti.

"Unakwenda wapi, mwendawazimu wewe?" msimamizi akamshika mkono. "Watu wanakufa huko nje."

"Nina mtu ananisubiri, dada."

"Mtu gani huyo asiyeweza kusubiri mpaka asubuhi?"

Kamshat akajichomoa. Ilikuwa kweli kwamba watu hufa. Aliijua habari hiyo tangu utoto, kila kipupwe kilikuwa na majina yake. Lakini kifo alikijua kwa kusikia tu, na lango la chuma la gereza alilijua kwa sauti, kwa harufu, kwa baridi ya kitasa chake. Kati ya hofu mbili, mtu hukimbia ile aliyowahi kuiona.

Alifuata nguzo za umeme za barabara kuu, akizishika moja baada ya nyingine. Mwanzoni alihesabu majengo. Kisha majengo yakaisha. Upepo ulimziba pumzi, kope zikaganda, kilemba kikawa ubao. Aliacha nguzo moja na hakuipata iliyofuata. Alitembea mikono imenyooshwa mbele kama kipofu, theluji magotini, akijiambia nguzo iko hapo tu, hapo tu. Haikuwapo. Akageuka kurudi, na ile aliyoiacha haikuwapo pia. Ndipo alipopiga kelele, na upepo ukaibeba sauti yake kabla masikio yake hayajaisikia.

Mwili wake ulijikwaa kwenye ukuta mdogo wa saruji. Kilikuwa kituo cha basi kisicho na paa. Akajikunja nyuma yake, akatoa simu kifuani. Hakujua kwa nini alibonyeza jina lile. Labda kwa kuwa ndilo jina pekee lililokuwa na greda.

Ikaita.

"Mpigie mumeo," Sabir akasema.

"Sina mume." Midomo ilikuwa mizito. "Yule ni polisi. Nilifungwa, Sabir. Nilimpiga mume wa dada yangu, nikamvunja. Lazima niwe nyumbani saa mbili, nisipokuwepo wananirudisha. Niko kituo cha basi, sijui kipi. Kuna ukuta, una rangi ya bluu—"

Simu ikafa. Hakujua kama ilikufa mkononi mwake au kama Sabir alikata. Alikaa pale na swali hilo, na polepole swali lenyewe likaanza kuwa la mbali, na baridi ikaanza kufanana na joto.

Sabir hakukata. Aliita jina lake kwenye simu iliyokufa, kisha akageuza greda katikati ya barabara aliyokuwa amepangiwa. Vituo vyenye ukuta wa bluu katika njia ya kutoka karakana ya Kamshat kwenda Maikuduk vilikuwa vingi, na yeye, aliyekuwa amevisafisha vyote, alivipita kimoja kimoja akishuka, akipapasa nyuma ya ukuta kwa mikono, akipanda tena. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kuogopa hivyo maishani. Kila aliposhuka aliogopa kutomkuta, na aliogopa kumkuta.

Alimkuta. Alimbeba kama gunia la viazi mpaka kwenye kibini, akawasha joto lote, akamvua buti. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe na vigumu kama mishumaa.

"Nyumbani," Kamshat akasema macho yamefumba. "Nipeleke nyumbani kwanza."

"Nakupeleka hospitali."

"Hapana. Saa mbili." Akajaribu kushika usukani, mkono ukateleza. "Sabir, nakuomba. Nionekane tu. Anione tu mlangoni, kisha nipeleke unakotaka."

"Kamshat, mguu huu utakufa."

"Ufe. Ninao mwingine."

Sabir alitazama mbele. Kulia ilikuwa barabara ya Maikuduk, kushoto hospitali ya mkoa. Akakata kushoto. Kamshat alipoona taa za hospitali alianza kulia, kilio cha chini chini kisicho na nguvu.

"Umenirudisha gerezani," akamwambia walipomlaza kwenye kitanda cha magurudumu. "Wewe umenirudisha. Sitakusamehe."

Asubuhi dhoruba ilikuwa imetulia na dirisha la wodi lilijaa jua. Madaktari walikuwa wamekwisha sema kwamba vidole viwili haviponi. Kamshat alikuwa akitazama dari aliposikia kiti kikiburutwa. Sabir alikaa kando ya kitanda, kofia ya mbweha mapajani, macho mekundu.

"Nilikwenda kituo cha polisi cha mtaa wenu," akasema. "Alfajiri, nilipokuacha hapa, nikasukuma theluji mlangoni kwao. Nimwambie huyo luteni wako uko wapi."

Kamshat akaendelea kutazama dari.

"Nilimkuta amevua viatu, miguu kwenye hita. Nikamwambia Kamshat hayupo nyumbani, yuko hospitali, usimwandikie. Akanitazama. Akasema, kaka, jana nani angetoka? Mlango wenyewe ulizibwa na theluji tangu saa kumi. Tumelala hapa hapa." Sabir akamgeukia. "Hakuja, Kamshat. Jioni ile hakuna aliyegonga."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha kitu kilipanda kutoka tumboni, akadhani ni kicheko, kikatoka kilio, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta kwa adabu.

Mchana Luteni Kairbek alikuja mwenyewe, safari hii amevaa sare, kofia mkononi. Alisimama miguuni mwa kitanda akitazama bandeji.

"Ungepiga simu," akasema.

"Nilipiga, afande."

"Ungebaki kazini. Dhoruba kama ile, ningeelewa."

"Uliniambia kila mtu ana basi lake."

Kairbek aligeuza kofia mkononi. "Hili si onyo," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nitaandika ulikuwa hospitali." Akaondoka bila kuvaa kofia.

Sabir alisubiri mlango ufungwe.

"Sasa niambie huo mkasa wa shemeji," akasema. "Wote. Usiruke."

Akamwambia. Unga mezani, mikono shingoni, sauti ya mti, ushahidi wa Ainash. Hakuruka. Alipomaliza, mkono wa Sabir haukuwa umeshika wake. Ulikuwa kwenye kofia, ukisokota manyoya.

"Unaogopa," Kamshat akasema.

"Naogopa. Nisikudanganye. Naogopa wewe ulivyoweza, naogopa ulivyonidanganya bila sauti kutetemeka, naogopa mama atasema nini. Nipe muda kidogo."

"Chukua."

Akaenda. Kamshat alijua maana ya neno muda. Aligeuka upande, akalala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu vuli, kwa sababu lililokuwa likija lilikuwa limekwisha fika.

Alikuwa tayari amerudi kwa Bibi Erna, akijifunza kutembea upya na fimbo, Sabir aliposimama getini na trei la mayai.

"Mama amekutumia," akasema. "Mengine amechemsha, mengine mabichi. Amesema yale mabichi usiyasogelee kinyumenyume."

"Umemwambia?"

"Kila kitu. Alilia siku nzima. Kisha akaniuliza, huyo dada yake yuko hai? Nikasema yuko hai. Akasema, basi huyo msichana alifanya kazi, vibaya, lakini alifanya." Akakwaruza ndevu. "Bado anaogopa kidogo. Mti wa kusukumia ameuweka juu kabatini."

Kamshat alicheka mpaka akashikilia nguzo ya geti.

"Na wewe?"

"Mimi nilizunguka na greda. Nikaona naogopa zaidi nikiwa mbali. Nikiwa karibu naogopa vizuri."

Walianza upya, taratibu, kama watu wanaovuka mto juu ya barafu isiyoaminika. Jioni Sabir alikuja kwa Bibi Erna akanywa chai, na mara nyingine Kairbek akigonga aliwakuta watatu. Kila hodi ya mlango bado ilimrusha Kamshat kutoka kitini. Hilo halikuondoka.

Mwezi Machi, mji ukijiandaa kwa sikukuu ya Nauryz, mwaka mpya wa machipuko, na theluji ikigeuka tope, Kamshat alienda Ofisi ya Uangalizi kama kila wiki. Kwenye korido, kati ya watu waliokaa wakitazama sakafu, alimkuta Sabir. Alikuwa amevaa suti nyeusi inayombana mabegani na tai nyekundu.

"Umefanya nini?" Kamshat akamshika mkono. "Wamekukamata?"

"Bado. Twende ndani."

Ndani walikuwapo Bi Zauresh na Luteni Kairbek, wote wamekaza nyuso kama watu waliopatana wasicheke. Sabir akasimama wima mbele ya meza.

"Nimekuja kuuliza," akasema, "mtu aliye chini ya uangalizi akitaka kubadilisha makazi, ahamie kwa mumewe, utaratibu ni upi."

Kamshat alishika fimbo kwa mikono miwili.

"Utaratibu upo," Kairbek akasema. "Nitakuja kukagua nyumba. Na baada ya hapo nitagonga, kaka. Jioni yoyote. Mnakula, mmenuna, mna wageni, nitagonga. Kwenu watu wataniona. Miaka miwili bado. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Sabir," Kamshat akasema. "Upande wako mwenyewe hujaufikiria. Nikichelewa siku moja, utakaa mlangoni unatetemeka. Kila siku. Sitaki mtu mwingine aishi hivi."

"Nimekwisha anza," akamjibu. "Tangu kituo cha kwanza cha bluu. Sasa natetemeka peke yangu kwangu, wewe peke yako kwako. Ni kupoteza kuni za nyumba mbili, Kamshat jan."

Bi Zauresh alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alivuta karatasi, akamgeukia Kamshat, na sauti yake ikawa ya kazi.

"Sheria inataka nikuulize, na lazima ujibu kwa mdomo wako. Unahamia huko kwa hiari yako?"

Miaka yote ile, katika vyumba vyote vya namna ile, walikuwa wamemuuliza jina, tarehe, kifungu cha sheria, alikuwa wapi, pamoja na nani. Swali hili hakuna aliyewahi kumuuliza. Alimtazama Sabir, tai yake imekwenda upande, jasho kwenye paji la uso. Aliogopa. Aliogopa kama siku ya soko, kama siku ya nguzo.

"Kwa hiari yangu," akasema.

Sauti ilitoka ndogo mno, Bi Zauresh akainua kichwa. Kamshat akakohoa, akasimama vizuri juu ya mguu wake mbovu, akasema tena ili wote wasikie.